Mgeni Aliyepewa Jembe Siku ya Kwanza: Albamu ya 90125 na Johannesburg Isiyosikika

Mashabiki wa Yes, bendi ya roki ya Uingereza, wana ugomvi uliodumu kwa zaidi ya miaka 40. Chanzo chake ni albamu moja, 90125, iliyotoka Novemba 1983. Kwa hesabu za soko bendi hiyo haikuwahi kupata ushindi mkubwa kuliko huo: albamu iliingia katika tano bora za Marekani, ikauza nakala zaidi ya milioni tatu nchini humo, na wimbo wake wa kwanza, “Owner of a Lonely Heart”, ukashika nafasi ya kwanza Januari 1984, jambo ambalo Yes hawakulifikia kabla wala baada ya hapo. Kwa hesabu za mapenzi mambo ni mengine. Wapo waliokua na Yes ya miaka ya 1970 ambao mpaka leo huihesabu albamu hiyo kuwa kazi ya bendi nyingine iliyoazima jina. Wapo walioijua Yes kwa wimbo huo mmoja redioni, wakarudi nyuma kutafuta santuri za zamani, na hawaoni kosa liko wapi. Wahakiki nao waligawanyika. Walioisifu walisifu ufundi wa studio kuliko bendi yenyewe. Walioikosoa waliona kazi iliyonyolewa ili ipite mlango wa redio.

Anayebeba lawama hizo, na sifa hizo, ni mtu mmoja: Trevor Rabin, mpiga gitaa, mwimbaji na mtunzi aliyezaliwa Johannesburg Januari 1954. Katika maandishi mengi juu ya albamu hii mji wake hutajwa kwa sentensi moja, kama mtu anavyotaja kwao kwa mpangaji, kisha mazungumzo hurudi London na Los Angeles. Nadhani hapo ndipo tahakiki ilipopotea njia. Pande zote mbili ziligombana juu ya umbo la nyimbo, zikasahau kuuliza nini kimetiwa ndani ya umbo hilo na nini kimeachwa nje. Swali hilo la pili linaanzia Johannesburg.

Kwanza kisa chenyewe, kwa kuwa wengi hukisimulia nusu. Mwaka 1981 Yes ilikuwa imevunjika. Chris Squire, mpiga besi, na Alan White, mpiga ngoma, walikuwa hawana bendi. Rabin alikuwa Los Angeles na kanda zake za nyimbo alizozitunga na kuzirekodi peke yake. Wakakutana, wakaamua kuanzisha bendi mpya kwa jina la Cinema, wakamwita Tony Kaye, mpiga kinanda wa kwanza wa Yes. Trevor Horn, ambaye alikuwa ameimba katika albamu ya Yes ya 1980, akaja kuwa mtayarishaji. Kazi ilipokuwa karibu kuisha, ndipo Jon Anderson, sauti ya Yes tangu mwanzo, aliposikilizishwa nyimbo hizo, akaja, akabadilisha baadhi ya maneno na kuimba. Sauti ilipoingia, jina nalo likaingia. Rabin hakulitaka jina hilo. Alijua litamfanya apimwe kwa mtu aliyemtangulia. “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe,” ndivyo tusemavyo. Huyu alipewa jembe kabla hajakaribishwa, akalima shamba alilodhani ni lake, na siku ya mavuno akaambiwa ni la ukoo.

Jina la albamu lilitokana na namba yake katika orodha ya kampuni ya Atco. Jalada lilichorwa kwa kompyuta, mistari na rangi tambarare, mahali pa visiwa vinavyoelea angani ambavyo Roger Dean alikuwa amewazoesha mashabiki. Msomaji anayependa ishara atashawishika kusema kwamba mtu aliyetoka katika nchi ya vitambulisho na pasi ameita kazi yake kwa namba. Asijaribu. Namba ilikuwa ya stoo tu.

Ili kuelewa hasira ya mashabiki wa zamani, lazima kukumbuka walikuwa wamezoea nini. Katika Close to the Edge, ya mwaka 1972, wimbo mmoja unachukua upande mzima wa santuri, kiasi cha dakika 18. Mwaka uliofuata Tales from Topographic Oceans ilikuwa na nyimbo nne katika santuri mbili, zaidi ya dakika 80. Katika kazi za namna hiyo mapigo hubadilika bila kuaga, maudhui ya muziki hupotea na kurudi yakiwa yamevaa nguo nyingine, na msikilizaji hulipwa kwa subira yake. Kisha anakuja kijana wa Johannesburg na nyimbo za dakika nne na tano, zenye kiitikio kinachorudi panapotarajiwa, na gitaa zito la roki ya uwanjani. Kwa sikio lililozoea bahari kuu, hilo lilikuwa bwawa la kuogelea.

Hapa msomaji wa Kiswahili ataona sura anayoifahamu, lakini imegeuzwa. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na alipofuatwa na wengine walioandika bila vina na mizani, washairi wa mapokeo walisema kwamba hayo si mashairi. Swali lao halikuwa kama kazi ni nzuri au mbaya. Lilikuwa kama inastahili jina. Mashabiki wa Yes waliuliza swali hilohilo kwa maneno hayohayo: yaweza kuwa nzuri, lakini si Yes. Tofauti ni kwamba kwetu waliolinda mapokeo walilinda vifungo, na wao walilinda uhuru. Mwasi wa Kezilahabi alivunja beti. Mwasi wa Rabin alizirudisha. Ulinganisho huu umenifanya nishuku kwamba mara nyingi kinacholindwa katika magomvi ya namna hii ni mazoea ya sikio, na kwamba nadharia ya umbo huja baadaye kuyatafutia hoja. Ushahidi mmoja unatosha. Steve Howe, mpiga gitaa ambaye kukosekana kwake ndiko kulikowauma mashabiki zaidi, alikuwa wakati huohuo katika bendi ya Asia, ambayo albamu yake ya kwanza ya 1982 ilikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki tisa ikiwa na nyimbo fupi za redio kuliko zile za Rabin. Howe hakuulizwa kwa ukali uleule. Alikuwa mwenyeji hata alipohama nyumba.

Tuzisikilize nyimbo, maana wapo wanaozihukumu kwa wimbo mmoja. “Owner of a Lonely Heart” ni ngumu kuliko umaarufu wake unavyodokeza. Unaanza na gitaa chakavu, kisha sauti inabanwa ghafla kama mlango uliofungwa kwa teke, na katikati yake vinarushwa vipande vya honi na ngoma vilivyokatwa kutoka kwingineko kwa mashine ambazo mwaka 1983 zilikuwa bado mali ya wachache. Solo ya gitaa inapita katika kifaa kinachoiongezea kivuli chake chenyewe, ikasikika kama magitaa mawili yasiyopendana. “Changes” unafunguka kwa mapigo yasiyolingana ambayo shabiki yeyote wa zamani angeyadai kuwa ya Yes kama asingeambiwa mtunzi ni nani. “Leave It” umejengwa kwa sauti za binadamu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, hadi kwaya nzima inazaliwa katika koo chache. “Cinema”, ala tupu ya dakika mbili tu, ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1985. Na “Hearts”, wa mwisho, unakaribia dakika nane na ndio pekee ambamo nyumba mbili zinakaa chini ya paa moja: nafasi ya Anderson ya kupaa, na mkono wa Rabin wa kujua lini pa kushuka.

Udhaifu upo pia. “City of Love” una kishindo bila uzito. “Hold On” na “Our Song” ni kazi safi za fundi, na ukishazisikia mara tatu umezimaliza. Maneno ya nyimbo, takriban yote, yanaelea: moyo, mabadiliko, upendo, kushikilia, kuacha. Kwa kawaida udhaifu huo hulaumiwa umbo fupi, au Anderson, ambaye kwa miaka mingi amependa neno kwa mlio wake kabla ya maana. Sikubaliani na lawama ya kwanza. Msomaji wa fasihi yetu ana jibu karibu. Abdilatif Abdalla aliandika Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973, akiwa kifungoni Kenya, na aliiandika kwa vina na mizani vilivyobanwa kama pingu zenyewe. Hakuna umbo finyu kuliko hilo, wala kazi iliyobeba zaidi. Ufinyu wa nyumba hauelezi utupu wake. Ni lazima tumuulize aliyeingia na mizigo gani mkononi, na ipi aliiacha mlangoni.

Basi Johannesburg. Baba yake Rabin alikuwa mpiga fidla kiongozi wa okestra ya jijini; mama yake alipiga piano. Angali kijana alikuwa tayari mpiga gitaa wa kukodiwa katika studio za jiji, mmoja wa wale wanaopewa karatasi asubuhi, wanarekodi aina moja ya muziki kabla ya chakula cha mchana na aina nyingine kabisa baadaye. Kazi hiyo humfundisha mtu uchumi: wimbo una dakika tatu, kila ala ijue mahali pake, anayepoteza muda halipwi tena. Wahakiki walioita nyimbo za 90125 “za Kimarekani” walisikia nidhamu hiyo wakadhani imenunuliwa Los Angeles. Ilikuwa imeiva tangu miaka ya 1970 kusini mwa Limpopo.

Mwaka 1975 bendi yake, Rabbitt, ilitoa albamu ya kwanza kupitia kampuni iliyojiita Jo’burg Records. Vijana weupe wa Afrika Kusini waliwapokea kwa mayowe ya aina ambayo wazazi wao walikuwa wameyasoma tu magazetini kuhusu Beatles. Lakini umaarufu huo ulikuwa na ukuta. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kilikuwa kimewakataza wanachama wake kupiga Afrika Kusini tangu miaka ya 1960, na nje ya mipaka bendi ya vijana weupe kutoka Johannesburg ilitazamwa kwa jicho ambalo hatuna sababu ya kulilaumu. Rabbitt haikuweza kuzunguka duniani. Rabin akaondoka mwaka 1978, akaenda London, kisha Marekani. Kwa maneno mengine, yule mgeni aliyekuja kuiponya Yes alifika kwao kwa sababu ya ubaguzi wa rangi: mfumo uliompa studio, shule nzuri na hadhira, halafu ukamfungia humo.

Hakuwa kipofu kwa hayo. Kwa muda mfupi alipiga na Freedom’s Children, bendi ya roki iliyopinga utawala ule. Donald Woods, mhariri wa Daily Dispatch aliyetoroka nchi mwishoni mwa 1977 baada ya kuandika juu ya kuuawa kwa Steve Biko, alikuwa binamu yake. Kwa upande wa pili, kama vijana wengi weupe wa rika lake, alitumikia jeshi, katika kikosi cha burudani. Mtu aliyeyabeba yote hayo anatarajiwa kuwa na la kusema.

Sasa tazama kalenda. Tarehe 2 Novemba 1983, mwezi uleule wa albamu, wapigakura weupe wa Afrika Kusini walikubali kwa takriban theluthi mbili katiba mpya iliyowapa Machotara na Wahindi mabunge yao pembeni, na kuwaacha Waafrika walio wengi nje kabisa. Miezi mitatu nyuma, chama cha United Democratic Front kilikuwa kimezaliwa Cape Town kuipinga. Johannesburg kwenyewe, Johnny Clegg na Sipho Mchunu, mweupe na Mzulu waliopiga pamoja katika nchi iliyojengwa ili wasikutane, walitoa na Juluka albamu ambayo jina lake, Work for All, linatosha kueleza ilisimama upande gani. Katika 90125 hakuna chembe ya haya. Usingejua, kwa kusikiliza tu, kwamba mwandishi mkuu wa nyimbo hizo amewahi kuvuka ikweta.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Kumdai kila mtunzi wa Afrika Kusini aimbe siasa ni kumnyima ruhusa ambayo mtunzi wa Uingereza huzaliwa nayo, ruhusa ya kuandika juu ya moyo mpweke na kwenda zake. Njabulo Ndebele, naye mzaliwa wa Johannesburg, alihoji katikati ya miaka hiyohiyo tabia ya fasihi ya nchi yake kung’ang’ania mambo ya kushtua, akataka maisha ya kawaida ya watu yapewe uzito wake. Ningeitumia hoja ya Ndebele kumtetea Rabin kama albamu ingekuwa na ukawaida wowote. Haina. Hakuna mtaa, hakuna jikoni, hakuna mvua ya alasiri ya mji wa Johannesburg, hakuna mtu mwenye jina. Ukimya wake si ule wa mtu aliyechagua kuangalia kikombe cha chai badala ya kifaru cha jeshi. Ni ukimya wa mtu asiyetaka kuulizwa ametoka wapi. Wanadiaspora tunaujua ukimya huo vizuri, na tunajua pia kwamba mara nyingi hulipa. Ndiyo maana nasita kuuita usaliti. Lakini ni sehemu ya kazi, kama kiitikio kilivyo sehemu ya kazi, na mhakiki anayeandika kurasa kumi juu ya mashine za Horn bila kuusikia amesikiliza nusu.

Kilichonifanya niamini kwamba umbo halikuwa kizuizi ni albamu yake binafsi ya 1989, Can’t Look Away. Humo, katika nyimbo za urefu uleule, kwa gitaa lilelile, anaitazama nchi aliyoiacha, na sauti za kuitikiana za kusini zinaingia bila kuomba radhi. Haikuuza kama 90125, wala si kamilifu kama kazi ya ufundi. Kichwa chake kinasema mtu hawezi kugeuza uso. Miaka sita kabla, aliweza.

Mashabiki hawakuwa na nafasi ya kuijadili hiyo, kwa kuwa mwaka huohuo vita vya jina vilikuwa vimepamba moto. Big Generator, albamu iliyofuata 90125 mwaka 1987 baada ya matengenezo marefu yaliyomchosha Horn akajitoa, ilipokelewa kwa ubaridi na pande zote mbili. Anderson akaondoka, akaungana na Bill Bruford, Rick Wakeman na Howe, wakarekodi kwa majina yao wanne kwa sababu jina la Yes lilikuwa mikononi mwa kundi la Rabin na Squire. Mashabiki wakaanza kuzungumza juu ya Yes ya Magharibi. Anayewajua Simba Wanyika wa ndugu Kinyonga, na jinsi kuanzia 1978 Nairobi ilivyojaa Les Wanyika na Wanyika wengine wa kila namna, hatashangaa. Ila Wanyika waligawana jina kwa akili, kila mmoja akiongeza neno lake, na mashabiki wakacheza zote. Yes walijaribu kuyaunganisha makundi hayo mawili katika Union, ya 1991, wanamuziki wanane jukwaani, albamu ambayo baadhi ya waliomo ndani yake hawaipendi kuliko wahakiki wake.

Rabin aliacha bendi katikati ya miaka ya 1990, akaingia katika muziki wa filamu. Usiku wa Novemba 2008, Barack Obama alipomaliza hotuba ya ushindi Chicago, muziki uliopigwa uwanjani ulikuwa wake, kutoka filamu ya Remember the Titans. Wengi wetu tuliokesha usiku ule tukimtazama mwana wa Mkenya hatukujua kwamba tulikuwa tunamsikiliza mtu wa Johannesburg. Muziki huo hauna maneno. Albamu aliyoitoa 2012, ya ala tupu vilevile, aliiita Jacaranda, jina la miti inayoizambarausha miji ya Gauteng kila Oktoba. Inaelekea kwamba kwao aliweza kupataja kwa urahisi zaidi alipokuwa haimbi.

Aprili 2017, Yes waliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki, katika sherehe iliyofanyika Brooklyn. Squire alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Walipiga nyimbo mbili, mmoja wa 1971 kwa ajili ya wale wa zamani, na “Owner of a Lonely Heart”. Katika wimbo huo wa pili Rabin alisimama mbele na gitaa lake. Steve Howe alikuwepo jukwaani. Alikuwa ameshika besi ya wimbo wa yule mgeni, akaupiga hadi mwisho.